Nyimbo Zisafirivyo, na Majina Yaachwayo Njiani



Mtu asikiapo wimbo utokao katika santuri ya jirani, au katika chombo cha redio kilichowekwa barazani, aghalabu hana habari ya kuuliza ulikotoka. Ukimpendeza ataufuatisha kwa mluzi. Usipompendeza ataomba chombo kizimwe. Walakini wimbo una nasaba yake kama mwanadamu alivyo na nasaba yake. Una baba na babu, una wajomba katika nchi asizozidhania mtu, na una ndugu ambao hawajapata kuonana. Leo nataka kuwasimulia nasaba ya nyimbo chache ambazo, bila shaka, wengi wenu mmezisikia. Katika kusimulia huko tutaona mambo mawili. La kwanza ni jinsi watu walio mbalimbali kwa nchi, rangi na lugha walivyofungwa pamoja kwa kamba ya wimbo mmoja pasipo wao kujua. La pili ni jinsi jina la mtungaji linavyoweza kuachwa njiani, kama mzigo udondokao msafarani usiku, watu wakaendelea na safari wala wasigeuke nyuma.

Nianze mbali kidogo. Mwaka 1858, katika nchi ya Marekani, alizaliwa mtoto wa kitumwa aliyeitwa Orpheus McAdoo. Utumwa ulipokomeshwa alisoma katika chuo cha Hampton, huko Virginia, akawa mwalimu, kisha akawa mwimbaji. Mwaka 1890 aliwasili Afrika ya Kusini pamoja na kundi lake la waimbaji, wanaume kwa wanawake, lililoitwa Virginia Jubilee Singers. Nyimbo zao kubwa zilikuwa zile za dini zilizotungwa na watumwa mashambani. Waafrika waliokwenda kuwasikiliza walistaajabu kuona watu weusi kama wao, waliovaa mavazi ya heshima, wakiimba kwa sauti zilizopangwa moja juu ya nyingine, kila mmoja akishika njia yake na wote wakakutana mahali pamoja. Kundi lile lilizunguka huku na huko katika miaka ile, na lilipoondoka liliacha mbegu ardhini.

Mbegu ile ilimea. Vijana wa Kizulu waliichukua namna ile ya kupanga sauti, wakaichanganya na nyimbo zao za harusi na ngoma za kwao. Na walipokwenda kutafuta kazi katika miji na migodi waliibeba pamoja na mablanketi yao. Jumamosi usiku, katika mabweni ya wafanyakazi, makundi yalishindana kwa kuimba na kucheza. Uchezaji wao ulikuwa wa kunyata kwa ncha za vidole, na ndiyo maana namna hii ya kuimba ikaitwa isicathamiya, neno la Kizulu lenye maana ya kwenda kwa kunyata.

Katika vijana hao alikuwamo mmoja aliyeitwa Solomon Linda. Alizaliwa mwaka 1909 katika wilaya ya Msinga, Natal, akasoma katika shule ya misheni, na utotoni alichunga ng'ombe kama watoto wote wa kwao. Mwaka 1931 alikwenda Johannesburg. Huko akaunda kundi la watu sita lililojulikana kwa jina la Evening Birds. Walivaa suti za mistari na kofia nzuri, na sifa yao ilienea upesi, kwa kuwa Linda aliongeza idadi ya waimbaji wa sauti nene, naye mwenyewe akapaa juu yao kwa sauti nyembamba kama ya mwanamke. Kazi yake ya mchana ilikuwa ya kibarua katika kampuni ya Gallo, akifunga sahani za santuri.

Mwaka 1939 kampuni ile iliwaita Linda na wenzake kurekodi. Mmoja wa nyimbo zao ulikuwa Mbube, neno la Kizulu lenye maana ya simba. Maneno yake yalikuwa machache sana. Husimuliwa kwamba mtungaji alikuwa akikumbuka simba waliotishia ng'ombe siku zile za uchungaji. Waliuimba mara ya kwanza, wakauimba mara ya pili. Na walipouimba mara ya tatu, karibu na mwisho, Linda alitoa kooni noti chache ambazo wala hakuzipanga kabla. Zilimjia palepale. Noti zile chache ndizo zilizokuja kuimbwa baadaye ulimwenguni kote.

Sahani ile ilipendwa mno. Husemwa kwamba zilinunuliwa yapata 100,000 katika muda wa miaka kumi. Jina la wimbo likawa jina la namna yenyewe ya kuimba, hata watu wakasema, "Kundi lile huimba mbube." Lakini Linda alikuwa ameiuzia kampuni haki ya wimbo ule kwa shilingi kumi. Wahenga walisema kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui, na akiangua huchukuliwa na mwewe. Kuku huyu alitaga, akaangua. Sasa natuangalie mwewe alivyokuja.

Yapata mwaka 1949 sahani ya Mbube ilifika New York, mikononi mwa Alan Lomax, mtu aliyekuwa mashuhuri kwa kukusanya nyimbo za kienyeji. Yeye alimpa rafiki yake Pete Seeger, mwimbaji na mpiga banjo. Seeger aliupenda wimbo ule mara moja, akakaa kuusikiliza na kuuandika. Kizulu hakukijua. Pale Wazulu waliposema "uyimbube", yaani "wewe ni simba", sikio lake lilisikia "wimoweh", akaandika hivyo. Mwaka 1951 kundi lake, The Weavers, lilirekodi wimbo ule kwa jina hilo la Wimoweh katika kampuni ya Decca, likisaidiwa na bendi kubwa ya Gordon Jenkins. Tazameni ajabu ya kwanza: mbegu iliyoletwa Afrika na watoto wa watumwa wa Marekani katika mwaka 1890 ilirudi Marekani baada ya miaka sitini, nayo ikapokewa kama mgeni.

Katika karatasi za haki, wimbo ule uliandikwa kuwa kazi ya mtu aitwaye Paul Campbell. Je, Paul Campbell alikuwa nani? Hakuwa mtu. Lilikuwa jina la kubuni, lililotumiwa na The Weavers na mchapishaji wao kila walipochukua wimbo wa zamani usio na mwenyewe. Kwa kuwa Mbube ulitoka Afrika, ulihesabiwa kuwa wimbo wa kabila, kana kwamba umeota wenyewe porini kama uyoga. Seeger alisema baadaye kwamba aliagiza fedha zimfikie Linda, na ya kwamba yeye mwenyewe alimpelekea hundi ya dola 1,000. Naamini moyo wake ulikuwa mwema. Lakini hundi moja haikulingana na haki ya mtungaji, ambayo hulipwa kila mara wimbo uuzwapo. Asiyekuwapo na lake halipo. Na Linda hakuwapo.

Mwaka 1961 wimbo ulivaa nguo nyingine. Vijana wanne wa Brooklyn, walioitwa The Tokens, walitaka kuurekodi, na mtungaji aliyeitwa George David Weiss aliuandikia maneno ya Kiingereza juu ya simba alalaye usiku. Noti zile alizozipata Linda palepale, katika mara ile ya tatu, zikafanywa kuwa ndiyo sauti kuu ya wimbo. Ukaitwa The Lion Sleeps Tonight, na mwezi wa Desemba mwaka huohuo ukashika nafasi ya kwanza katika Marekani. Weiss na wenzake wawili, Hugo Peretti na Luigi Creatore, waliandikwa kuwa watungaji.

Watu hawa watatu wana habari nyingine ya kustaajabisha. Mwaka uleule wa 1961 waliandika pia Can't Help Falling in Love, wimbo wa mapenzi ulioimbwa na Elvis Presley katika filamu. Na sauti ya wimbo ule waliipata wapi? Waliitoa katika wimbo wa Kifaransa, Plaisir d'amour, uliotungwa mwaka 1784 na Martini, Mjerumani aliyehamia Ufaransa. Basi katika mwaka mmoja mafundi walewale walishona kanzu mbili kwa vitambaa vya watu wengine. Lakini Martini alikufa mwaka 1816, na haki yake ilikuwa imekwisha zamani; hakudhulumiwa mtu. Linda alikuwa hai, ana mke na watoto, yuko Soweto, wala hakuwa mtu wa kufichika. Kazi ya ushonaji ilikuwa moja, lakini kitambaa kimoja kilikuwa na mwenyewe.

Linda aliugua figo, akafa mwezi wa Oktoba mwaka 1962, miezi michache baada ya wimbo wake kuvuma duniani. Mjane wake hakuweza kununua jiwe la kuweka juu ya kaburi, nalo likakaa bila alama kwa miaka mingi.

Hapa nitawaacha jamaa zake kwa muda, niifuate kamba kwa upande mwingine. Maana huyu Weiss anatufikisha kwa mtu mkubwa. Ndiye aliyeshirikiana na Bob Thiele kuandika What a Wonderful World, wimbo ulioimbwa na Louis Armstrong mwaka 1967. Na Armstrong naye alikuwa na nyuzi zake za kumfunga na Afrika. Mwaka 1949 alirekodi na Gordon Jenkins, yuleyule aliyewapigia The Weavers miaka miwili baadaye. Na mwaka 1954 alirekodi, katika kampuni ileile ya Decca, wimbo uitwao Skokiaan.

Skokiaan ulitungwa na August Musarurwa wa Rhodesia ya Kusini, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Mtu huyu alikuwa mkalimani wa polisi, kisha akafanya kazi katika shirika la kuhifadhi nyama mjini Bulawayo, na huko akaongoza bendi ya dansi huku akipiga saksofoni. Skokiaan ni jina la pombe kali iliyopikwa kwa siri na kupigwa marufuku na serikali. Basi aliyekuwa mkalimani wa polisi aliutungia wimbo mtamu kitu kilekile ambacho polisi walikuwa wakikisaka! Mwaka 1954 sahani yake ilifika Marekani, na bendi nyingi zikashindana kuupiga. Tom Glazer, mwimbaji wa New York, aliutilia maneno ya Kiingereza. Lakini jina la Musarurwa halikufutwa. Liliandikwa pamoja na la Glazer. Na Armstrong alipozuru Afrika mwaka 1960 alionana na mtungaji huyo uso kwa uso. Naitaja habari hii ili asije mtu akasema kwamba siku zile haikuwezekana kumjua mwenye wimbo. Iliwezekana, kwa wale waliouliza.

Sasa twende kwa bibi mmoja ambaye mimi humwita daraja, kwa kuwa juu yake nyimbo nyingi zilipita. Huyo ni Miriam Makeba, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1932. Alifika Marekani mwaka 1959, na Harry Belafonte akamshika mkono kama ndugu. Mwaka 1960 alitoa sahani yake kubwa ya kwanza katika kampuni ya RCA Victor, na ndani yake aliimba Mbube, kwa matamshi ya Kizulu yaliyo sahihi. Mwaka uliofuata, kampuni ileile ikatoa The Lion Sleeps Tonight. Nyumba moja ilikuwa na simba mwenyewe na kivuli chake. Walionunua kivuli walikuwa wengi zaidi.

Mwaka 1965 Makeba na Belafonte walitoa sahani ya pamoja iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Katika nyimbo zake ulikuwamo mmoja wa Kiswahili, nao ni Malaika. Hapa, wasikilizaji wangu, tumerudi nyumbani. Malaika unamsimulia kijana ampendaye msichana lakini hana mali ya kumwolea. Fadhili William wa Kenya aliurekodi Nairobi kabla ya Makeba, akasema ni wimbo wake. Adam Salim wa Tanganyika alisema kwamba ndiye aliyeutunga, naye alitaja mwaka 1945. Wengine pia walitokea wakadai. Kila mmoja alikuwa na mashahidi wake, na Fadhili William alikufa mwaka 2001 maneno yakali yakisemwa. Mimi si kadhi wa shauri hilo. Nasema hili tu: wimbo wa mtu aliyeikosa ndoa kwa ajili ya ukosefu wa fedha uliwapatia fedha watu wasiojua hata maana ya neno moja lililomo, na sisi tuliokuwa karibu hatukuandika mapema nani aliutunga, siku gani na mahali gani.

Kamba bado haijaisha. Mwaka 1981 Malaika uliimbwa na Boney M, kundi lililoundwa Ujerumani kwa waimbaji waliotoka visiwa vya Karibi. Kundi hilohilo, mwaka 1983, liliimba wimbo mwingine wa pwani yetu, Jambo Bwana, ambao Teddy Kalanda Harrison na bendi ya Them Mushrooms walikuwa wameurekodi Kenya mwaka 1982 kwa ajili ya kuwachangamsha watalii wa Mombasa. Hivyo watu wa Ulaya wakazizoea sauti za maneno "hakuna matata". Kisha mwaka 1994 kampuni ya Disney ilitoa filamu ya The Lion King. Shujaa wake anaitwa Simba, kwa Kiswahili. Wimbo wake mmoja, uliotungwa na Elton John na Tim Rice, unaitwa Hakuna Matata. Sauti inayofungua filamu ni ya Kizulu, ya Lebo M wa Soweto. Na katikati yake wanyama wawili wanaimba wimbo wa simba alalaye usiku. Simba wa Kizulu na simba wa Kiswahili walikutana katika filamu moja, naye Solomon Linda alikuwa kaburini miaka thelathini na miwili.

Je, haki ilipatikana? Mwaka 2000 mwandishi wa Afrika ya Kusini, Rian Malan, aliifuata habari hii hatua kwa hatua, akaichapisha katika gazeti moja la Marekani, na watu wakashtuka. Mwanasheria Owen Dean alitafuta mlango wa kuingilia, akaupata mahali ambapo pengine msingetazamia. Aliupata katika sheria ya Kiingereza ya mwaka 1911, iliyotumika katika dola yote ya Mwingereza. Sheria ile ilisema kwamba mtungaji akiuza haki yake, haki hiyo itawarudia warithi wake baada ya miaka 25 tangu kufa kwake. Linda alikufa mwaka 1962. Basi kuanzia mwaka 1987 wimbo ulikuwa mali ya watoto wake, ingawa wao wenyewe hawakujua. Mwaka 2004 kesi ilifunguliwa juu ya Disney huko Afrika ya Kusini, na mwezi wa Februari mwaka 2006 kampuni iliyokuwa na haki za The Lion Sleeps Tonight ikakubali kupatana. Linda alitambuliwa kuwa mtungaji, na mabinti zake wakakubaliwa malipo ya nyuma na ya baadaye. Binti mmoja alikuwa amekwisha kufa. Hakuiona siku ile.

Liko jambo jingine la kufurahisha moyo. Mwaka 1985 Paul Simon wa Marekani alikwenda kwa Joseph Shabalala, kiongozi wa kundi la Ladysmith Black Mambazo, linaloimba kwa namna ileile ya kina Linda. Wakatunga pamoja wimbo uitwao Homeless, na majina yote mawili yakaandikwa. Mwaka 1987 waliimba pamoja Harare, na Miriam Makeba akiwapo jukwaani. Nao ulikuwa mji mkuu wa nchi ileile iliyomzaa Musarurwa. Wapo waliomlaumu Simon kwa mambo mengine ya siku zile, nami siingii katika ugomvi huo. Lakini katika jambo hili la jina alitenda lililo haki.

Wasikilizaji wangu, malenga wetu wa pwani wa zamani walikuwa na desturi njema. Wengi wao walipofika katika beti za mwisho za utenzi walitaja majina yao au mwaka wa kutunga, kisha ndipo walipoweka kalamu chini. Wako waliofikiri kwamba desturi ile ni majivuno. La, ilikuwa hati ya mali. Na Siti binti Saad alipovuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, jina lake liliandikwa juu ya sahani, na kwa hiyo hata leo hakuna awezaye kutuambia kwamba sauti ile haina mwenyewe.

Basi utakapousikia wimbo ukakupendeza, uliza nani aliyeutunga. Ukiwa na mzee nyumbani kwako aliyetunga nyimbo za harusi au za ngoma, chukua karatasi, andika jina lake, jina la wimbo, na mwaka. Kazi hii haichukui robo saa. Solomon Linda aliuza kwa shilingi kumi kitu ambacho mabinti zake walihitaji miaka arobaini na minne baada ya kufa kwake kukipata tena.